Siku 11 za kusubiri majibu ya Mama

Mama alikuja kwangu Makorora, Tanga mjini, kutoka Pangani na kapu la nazi, mihogo, na maumivu ya ubavu wa kulia aliyokuwa akiyaficha tangu mfungo. Mwenyewe hakusema. Nilimwona tu anavyoinuka mkekani akijishika ukutani, nikafunga cherehani, tukapanda bajaji hadi hospitali.

Tulianza na ultrasaundi, na huko hakuna cha kusubiri. Daktari anapitisha kile kifaa tumboni huku macho yake yako kwenye kioo, anachokiona anakiandika hapohapo. Hatukumaliza hata nusu saa tukapewa karatasi: figo ya kulia ina uvimbe wa sentimeta 6, haukuonekana vizuri, apigwe CT skani, yaani picha ya mionzi inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande. Mama alilisikia neno "uvimbe". Kuanzia hapo hakuniuliza lolote, akawa na tasbihi yake mkononi mchana kutwa.

CT skani ilikuwa Alhamisi. Kwanza alitolewa damu kupima figo, kwa sababu dawa inayochomwa mshipani ili picha ionekane vizuri hutolewa mwilini na figo hizohizo. Kijana wa mionzi alimwambia mapema, kwa upole: "Mama, dawa ikiingia utahisi joto mwili mzima, utadhani umejikojolea. Usiogope, inapita." Ikawa vilevile, na Mama hakushtuka. Namshukuru yule kijana mpaka leo. Picha zilipigwa mara mbili, kabla ya dawa na baada ya dawa, na kabla hata sijamaliza kuongea na dada mmoja pale kwenye benchi, Mama alishatoka.

Nikamuuliza kijana, "Umeona nini, kaka?"

"Dada, mimi kazi yangu kupiga. Anayesoma ni daktari bingwa wa radiolojia. Njooni baada ya siku tatu."

Moyoni nikasema huyu ameona kitu anatuficha. Nilimkosea. Ni kweli kwamba anayepiga picha na anayeisoma ni watu wawili tofauti, na mabingwa wa kusoma ni wachache. Siku hizi picha husafiri kwa mtandao, bingwa mmoja akazisoma za hospitali zaidi ya moja akiwa mji mwingine kabisa. Na tunaposema picha, tusifikirie ule mkanda mmoja wa eksirei unaoinuliwa dirishani. Ni mamia ya vipande vyembamba, mwili umekatwakatwa kama mkate, na kila kipande cha kabla ya dawa kinalinganishwa na mwenzake wa baada ya dawa. Haya yote niliyajua baadaye. Ningeyajua siku ile, ningelala.

Siku tatu ziliangukia Jumapili, nikaenda Jumatatu asubuhi. Dirishani wakaniambia bado. Jumatano, bado. Ijumaa, bado. Kila safari nauli, na kila safari nguo ya watu imekaa juu ya cherehani haijashonwa. Lakini hayo si kitu. Kilichonitesa ni kurudi nyumbani na kumkuta Mama ameketi kibarazani akiniangalia mikono kama imebeba bahasha.

Jirani yetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema mbele yake: "Majibu yakichelewa hivyo, ujue wameona kitu." Usiku ule Mama hakula. Naomba tuliache neno hili kuliambia wagonjwa. Baadaye daktari alinieleza kwamba wanaosomewa kwanza ni wa dharura: aliyeanguka na pikipiki akaumia kichwa, aliyepatwa na kiharusi. Aliyeingia kwa miguu yake na kurudi nyumbani anakaa kwenye foleni. Na bingwa akikuta jambo la hatari, hamwachi mgonjwa kwenye foleni, anampigia simu daktari aliyeomba kipimo siku hiyohiyo. Kwa hiyo kuchelewa hakusemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya picha.

Jumatatu ya pili, siku ya 11, sikwenda dirishani. Mteja wangu mmoja, muuguzi, alikuja kuchukua gauni lake, nikamwomba radhi kwamba halijaisha na kwa nini halijaisha. Akaniambia: "Nenda kwa daktari aliyekuandikieni kipimo. Usiulize kama majibu yako tayari. Uliza kama picha imeshasomwa, na ripoti iko wapi." Nilikwenda na Mama, nikasubiri wagonjwa wa kliniki wapungue, nikauliza hivyohivyo, nikampa namba ya faili.

Daktari akafungua kompyuta. Akanyamaza kidogo. "Dada, hii imesainiwa Jumatatu iliyopita, saa 10 jioni."

Wiki nzima! Dirishani walikuwa wanatazama bahasha zilizochapwa tu, na ya Mama haikuchapwa. Jumatano na Ijumaa nilipoambiwa "bado", ripoti ilikuwamo humohumo ndani ya jengo. Sikupiga kelele, lakini nilimwambia daktari waziwazi kwamba mama yangu amekaa siku saba akijiandaa kufa kwa sababu hakuna aliyebonyeza kitufe. Hakubishana nami. Akasema pole, na akaona kwamba pole peke yake haitoshi, akamwita Mama asogee kwenye kioo akamwonyesha.

Kila nukta ya picha ile ina namba. Maji ni 0, hewa ni 1,000 chini ya sifuri, mfupa unapanda juu mamia. Akaweka kishale juu ya uvimbe: kabla ya dawa 8, baada ya dawa 10. "Ungekuwa na nyama na mishipa ya damu, namba ingeruka, kwa sababu dawa inafuata damu. Haijaruka. Ni kifuko cha maji tu, Mama. Wazee wengi wanacho na hawajui." Maumivu yalikuwa ya misuli, kwa ndoo za maji anazobeba kila alfajiri.

Namba zile zinaitwa kwa jina la Hounsfield, mhandisi wa Uingereza aliyebuni mashine ya CT skani. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971. Nilisoma kwamba katika majaribio yake ya mwanzo, kukusanya vipimo vya picha moja kulichukua siku 9. Leo picha yenyewe ni dakika, na siku 9 zimehamia kwetu, kati ya kompyuta na dirisha.

Kabla hatujaondoka niliuliza swali moja zaidi: kwa nini hatukupigiwa simu? Karani akafungua taarifa za Mama. Alisema walipiga mara mbili, namba haipatikani. Akanisomea. Ilikuwa namba ya Baba. Faili la Mama lilifunguliwa zamani, Baba akiwa hai, na tangu tumzike hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Katika kliniki zote zile hakuna aliyetuuliza, na mimi pia sikuuliza.

"Nibadilishe?" karani akasema. Nikampa yangu. Mama akauliza kama ile ya zamani inaweza kubaki pembeni, hata bila kupigwa. Karani akasema, kwa heshima, kwamba nafasi ni moja tu. Basi Mama akaishika meza, akaitamka polepole kwa kichwa, tarakimu zote 10, kisha akamwambia, "Haya, mwanangu, ifute."