Nilivyoipima mashine ya masafa kwa sindano ya kofia

Mimi ni mshonaji wa kofia hapa Lamu, zile za kutoboa vijitundu kimoja kimoja na kuvizungushia uzi kwa mkono, na nina baridi yabisi ya miaka mingi. Si ile ya magoti kulika kwa uzee. Yangu ni ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vyake yenyewe. Asubuhi vidole huamka vimekakamaa, na siku mbaya hupita saa nzima na zaidi kabla sijaweza kutia uzi kwenye tundu la sindano. Hicho ndicho kipimo changu. Madaktari wana vyao, mimi nina sindano.

Dawa yangu kubwa ni methotreksati: vidonge vya kumeza siku moja tu kwa wiki, wala si kila siku (tafadhali, mwenye kuitumia alishike hili, kwa sababu anayeimeza kila siku anajiua), pamoja na asidi ya foliki, na kila baada ya muda damu na ini hupimwa. Daktari bingwa yuko Mombasa, kwa hiyo ni boti hadi Mokowe, kisha basi la kupitia Witu, Garsen na Malindi, na vidole vimevimba ndani ya glavu. Naenda, kwa sababu dawa hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye kazi. Ila haizimi kila kitu. Yako maumivu ya usiku yanayojua saa yake, na hayo ndiyo yaliyomfanya binti wa kaka yangu, aliyeko Dubai, aniletee kijimashine cha kuvaa.

Ni kidogo, kadiri ya kibiriti. Unakibana kwenye nguo, buibui juu, hakuna anayejua. Nyaya zinakwenda kwenye vibandiko vya mkononi au vibanio vya masikio, na simu ndiyo inayoamuru: kuna programu ya maumivu, ya usingizi, ya uchovu, hata ya kusawazisha nguvu za mwili, na kila moja inasemekana ina masafa yake, yaani idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde. Nikakiwasha nikangoja. Kimya. Nikampigia.

"Shangazi, ndivyo kilivyo," akasema. "Umeme wake ni mdogo sana, huwezi kuusikia."

Akanitumia na habari za utafiti wa 1982, ambao wauzaji wanaupenda sana: mikondo ya umeme ya chini ya mikroampea 1,000 (kipimo cha umeme mdogo sana) iliongeza ATP, ile nishati ya seli, kwenye vipande vya ngozi ya panya. Ni utafiti wa kweli. Lakini vipande vya ngozi ya panya maabara ni kitu kimoja, na kifundo cha mkono wangu ni kitu kingine.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenifungua macho, akanichorea mgongoni mwa bahasha. Mikroampea ni sehemu ya elfu ya miliampea. Mashine za TENS, zile za kutuliza maumivu kwa umeme kupitia ngozi, ambazo yeye anazo kwenye chumba chake, hutumia miliampea, na hizo unazisikia: ngozi inasisimka, vidole vinachezacheza vyenyewe. Nadharia ya mashine hizo ni ya watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall, ya 1965. Uti wa mgongo una mlango, na mishipa ya fahamu minene inayoleta habari za mguso ikishughulishwa, habari za maumivu kutoka mishipa myembamba hubanwa nje. Ndiyo maana mtu akijigonga hujisugua. Wazo lenyewe ni la kale: tabibu wa Kirumi Scribonius Largus, karne ya kwanza, alimwelekeza mwenye jongo akanyage samaki aitwaye taa wa umeme, aliye hai, ufukweni, mpaka mguu ufe ganzi. Wavuvi wa kwetu wanaomjua samaki huyo watacheka.

"Lakini mama," mtaalamu akaongeza, "hizi hutuliza. Hazitibu ugonjwa."

Sasa, kutosikia umeme kuna faida moja ambayo wauzaji hawaisemi: unaweza kupimwa bila kujua. Nikampa mwanangu simu. Kila baada ya Isha navaa vibandiko, yeye anakaa chumba cha pili na kuamua mwenyewe, leo anawasha au hawashi, anaandika kwenye daftari lake na kunyamaza. Taa ya kijimashine tuliibandika plasta nyeusi. Asubuhi nami naandika kwenye langu: sindano imekubali uzi saa ngapi, na usiku niliamka au la. Methotreksati haikuguswa, ilibaki siku yake ileile. Tulipoyaweka madaftari mawili ubavuni, hapakuwa na uhusiano. Zile asubuhi nzuri nilizoapa kwamba jana kiliwashwa, nyingine kilikuwa kimezimwa. Kilichonisaidia zaidi, naona, ni kule kukaa kitako bila kushona wala kuosha vyombo kila jioni, nyaya mikononi, na hakuna aliyethubutu kunituma.

Najua mikono yangu ni miwili tu, na jaribio la nyumbani si utafiti. Lakini kwa bei ya kile kijimashine ningetaka kiishinde bahati.

TENS ni jambo jingine. Nilianza kwa kuazima, kisha nikanunua ndogo ya betri. Naiweka magotini, mapigo kati ya 80 na 100 kwa sekunde, nguvu naipandisha mpaka nausikia mtetemo bila kuumia. Maumivu yanapungua ikiwa imewashwa, na kwa muda baada ya kuizima. Uvimbe uko palepale, na asubuhi vidole ni vilevile. Miongozo ya Uingereza kuhusu maumivu ya mgongo, ya 2016, inasema isipendekezwe, kwa hiyo sidai kuwa ni dawa ya kila mtu. Kwangu inanunua nafasi ya kulala, na nikishasinzia inakuwa imezimwa tayari, maana haifai kulala nayo.

Hapa kwetu adui wa vibandiko ni mafuta ya nazi. Ukijipaka, hakishiki. Osha kwa sabuni, kausha, ndipo ubandike. Kikikauka, tone la maji kwenye gundi hukifufua, na ukimaliza kirudishe kwenye plastiki yake kabla vumbi halijakifikia. Kwenye udhu vyote vinatoka, ndiyo maana nimechagua baada ya Isha.

Jirani yangu aliiomba kwa ajili ya mgongo. Nikamnyima, na alikasirika kidogo, lakini amewekewa betri ya moyo, na mwenye nayo hagusi mashine hizi bila daktari wake. Wajawazito na wenye kifafa vilevile wamuulize daktari kwanza, na hakuna anayebandika mbele ya shingo wala kwenye kidonda. Binti wa kaka yangu nimemweleza matokeo yote. Amecheka, akaniuliza basi anitumie nini. Nimemwagiza vibandiko vya TENS, vile vikubwa vya magoti.