Siku 110 baharini: begi halikunisumbua, nyumba ndo ilinitoa jasho

Tangu turudi kwenye ile safari ya meli, mimi na mke wangu, siku 110 juu ya maji, kila anayenikuta anauliza ulibeba nini. Hakuna hata mmoja anayeuliza nyumba uliiachaje. Na mi niliteleza hapo hapo, begi nilianza kulipanga wiki sita kabla, nyumba nikaiachia siku mbili za mwisho.

Ya begi niyamalize haraka. Mke wangu alitandaza nguo zake zote kitandani, akaziangalia, akarudisha nusu kabatini. Nikaona anazidisha, za kwangu nikabeba zote, kumbe melini kuna dobi na mashati matano yamezunguka dunia bila kuvaliwa. Ekstensheni yangu niliyonunua mpya kabisa ilibaki kwenye ukaguzi, maana ile yenye kinga ya umeme ukizidi ghafla meli nyingi wanaikataa, umeme wa meli umefungwa tofauti na wa nyumbani na hiyo kinga yenyewe inaweza kuwaka moto. Pasi na birika la umeme ndo usiguse kabisa. Kitu kidogo kilichonifaa kuliko vyote ni kulabu za sumaku, kuta za chumba ni chuma, unabandika unatundika kofia, taulo, mkoba, sakafu inabaki wazi.

Halafu kuna hili la mabegi makubwa, unayakabidhi bandarini asubuhi yanakukuta mlangoni kwako jioni, kwa hiyo dawa, paspoti, chaja na nguo ya kubadili kaa navyo mkononi. Siku ya kushuka inakuwa kinyume, usiku unaweka mabegi nje ya mlango wanayachukua. Jirani yetu wa chumba cha pili alipaki kila kitu, asubuhi akashuka na pajama, mzee wa watu, alitembea kifua mbele kama kavaa suti.

Dawa zangu za presha nilihesabu za siku 110 nikaongeza za wiki tatu, zote kwenye paketi zake za dukani, nusu kwangu nusu kwa mke wangu. Ila nilikuwa na kile kiboksi cha vidonge chenye siku za wiki, na tulipovuka mstari wa tarehe, ule wa katikati ya Pasifiki ambapo kalenda inaruka siku nzima ukielekea magharibi, tulilala Jumanne tukaamka Alhamisi. Kidonge cha Jumatano kikabaki kinanitazama, nami nakitazama, nimemeza sijameza, hadi mke wangu akanikumbusha kwamba Jumatano yenyewe haikuwepo.

Sasa nyumba. Friji nililiondoa vitu vyote, nikalichomoa, mlango nikauwekea kitambaa usijifunge, hilo nilipatia. Koki kuu ya maji nikafunga, gesi nikafunga. Mkataba wa bima ya nyumba niliusoma usiku wa mwisho, bahati tu, nikakuta nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 lazima uwaarifu mapema, asubuhi nikawapigia nikiwa nafunga zipu ya begi. Funguo nikampa mdogo wangu nikamwambia pita kila wiki uangalie tu. Na yeye akaangalia tu kweli! Madirisha yapo, milango ipo, anaondoka.

Wiki ya saba hivi nikapata meseji yake, "Kaka, humu ndani kuna harufu ya choo." Nikajua bomba limepasuka, usingizi ukaniisha, na upo katikati ya bahari huwezi kufanya lolote. Kumbe ni kitu kidogo, kile kipinde cha bomba chini ya sinki na chini ya bafu huwa kinashika maji, na yale maji ndo yanazuia harufu isipande. Usipoyatumia wiki kadhaa yanakauka, harufu inaingia ndani. Dawa yake akafungue koki, amwage maji kila tundu na kuflashi choo, afunge tena, na akidondoshea mafuta ya kupikia kidogo juu ya yale maji yanachelewa kukauka. Nusu saa kwa mwezi.

Lakini iliyonichoma zaidi ni kadi ya benki. Paspoti niliikagua vizuri, nikahakikisha imebakiza zaidi ya miezi sita baada ya kurudi, kadi sikuigeuza hata kuiangalia, ikaisha muda mwezi wa pili wa safari. Nikasema nitarekebisha kwa simu, benki wanatuma namba ya siri kwa meseji, na simu nimeizima mtandao maana laini ikishika mtandao wa satelaiti wa meli salio linayeyuka. Tukifika bandarini meseji zinaingia mfululizo, namba zote zimeshakufa. Miezi miwili iliyobaki nimeishi kwa kadi ya mke wangu, namwomba hela ya kahawa kama mtoto wa shule.

Sasa hivi tumeshaweka nafasi ya safari nyingine, fupi kidogo. Kadi mpya ninayo, uthibitisho wa benki nimeuhamishia kwenye programu yao, unakubali kwa intaneti ya meli bila meseji. Mdogo wangu nimemwandikia karatasi, nimeigandisha juu ya sinki, namba moja ni maji kwenye matundu. Begi sijaligusa, mke wangu kasema nguo zangu safari hii atachagua yeye.