Jinsi tulivyoandamana kumpinga mmiliki wa klabu yetu bila kuvunja hata kioo

Jumamosi moja ya Novemba, kipindi cha pili kilipokuwa kimeanza tu, kopo la moshi lilirushwa kutoka jukwaa letu likaangukia hatua tatu kutoka kwa mtoto muokota mipira. Mtoto hakuumia, ila aliduwaa akalitazama lile kopo likifuka hadi msimamizi mmoja wa uwanja alipokuja akamvuta mkono. Kesho yake gazeti la mji liliandika habari za kopo, la mishahara ya wafanyakazi iliyokuwa inachelewa halikuandika hata mstari mmoja, na mmiliki ambaye tulikuwa tumekwenda kumpinga akatoa taarifa ya kusikitishwa kwake na wahuni. Alikuwa amepewa bure kile ambacho asingeweza kukinunua, kwani sasa mwenye makosa alikuwa shabiki.

Sitaitaja klabu wala mji, kwa sababu mambo hayajaisha na mzee wetu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya uwakili ametuonya tuwe na kiasi katika maandishi. Itoshe kusema kwamba ni klabu ya madaraja ya chini huko kaskazini mwa England, katika mji ambao mimi nilifika kufanya kazi ya ghala na kuukuta uwanja wa mpira ukiwa mtaa wa pili kutoka nilipopanga chumba. Nilizaliwa Temeke, na nililelewa katika tawi la Yanga ambalo baba yangu alikuwa na kadi yake. Kwa hiyo nilikuja na dhana kwamba mwenye kuipenda timu ana kadi, na mwenye kadi ana kura kwenye mkutano mkuu. Hata uwekezaji ulipoingia kwenye klabu zetu kubwa nyumbani, kanuni ziliwaachia wanachama asilimia 51. Hapa nilikuta tiketi ya msimu ni risiti tu. Mtu anaweza kuwa amekalia kiti kilekile tangu utoto wake, na siku mmiliki akiamua kuuza uwanja kiti kile kinauzwa pamoja naye amekikalia.

Malalamiko yetu yalikuwa mawili. Mishahara ya wafanyakazi wa ofisini, wa jikoni na wa kutunza nyasi ilikuwa inachelewa, na ilisikika kwamba uwanja wenyewe ungetenganishwa na klabu ili ardhi yake ipate bei. La kwanza tulikuwa na ushahidi nalo, la pili hatukuwa nao, na tofauti hiyo ilikuja kutusaidia sana baadaye.

Baada ya lile kopo nilikuwa na sababu yangu binafsi ya kuogopa. Nilikuwa nasubiri kibali cha ukaazi wa kudumu, na hapa mtu akitiwa hatiani kwa fujo za mpira mahakama inaweza kumpiga marufuku ya viwanjani isiyopungua miaka mitatu. Kwangu mimi hatia ya namna hiyo isingeishia uwanjani. Ningeweza kubaki nyumbani, na wapo walionishauri hivyo. Badala yake nilikwenda kwenye kikao kilichoitishwa katika ukumbi wa nyuma wa baa, nikakaa karibu na mlango, na baada ya saa nzima ya watu kupigiana kelele nikanyoosha mkono.

Nilichosema hakikuwa cha ajabu kwa mtu wa Dar es Salaam. Niliwaambia kwamba kwetu hakuna harusi wala msiba unaofanyika kwa hasira au kwa furaha peke yake, bali kwa kamati, na kwamba kamati ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya watu kila kikao, na watu wa kila kazi ambao wanajulikana kwa majina. Niliwauliza ni nani, jioni ile, aliyekuwa na kazi ya kuhakikisha kopo halirushwi. Pakawa kimya. Basi wakanichagua kuwa msimamizi wa ulinzi, ambayo ndiyo adhabu ya kawaida ya mtu anayetoa hoja kikaoni.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka kuwaweka kando vijana wenye hasira. Tulijua kundi ambalo kopo lilitokea, ingawa hatukumjua aliyerusha, na mimi nilipendekeza wasiambiwe siku ya maandamano. Mama mmoja mstaafu aliyekuwa akiuza vijitabu vya mechi langoni, ambaye wote pale wanamwita shangazi kwa lugha yao, akanikatiza. Alisema kijana asiye na kazi shughulini ndiye atakayeivuruga, na kwamba yeye angewapa vizibao. Tukanunua vizibao 30 vya rangi ya machungwa kwa michango ya mwezi ule, na wale vijana ndio waliokuwa wa kwanza kuvivaa. Huyu mama hakuwahi kufika Temeke, lakini nina hakika angeweza kuendesha kamati ya harusi ya watu 600 bila kuandika kitu.

Kisha tukakaa kuchambua waliotutangulia, kwa maana ugomvi wa mashabiki na wamiliki Uingereza si mpya. Mashabiki wa Manchester United walivaa kijani na dhahabu mwaka 2010, rangi za Newton Heath, jina la klabu hiyo kabla ya 1902, na skafu hizo zilisema yote kuhusu familia ya Glazer iliyoimiliki klabu bila mtu kutukana. Klabu hiyohiyo tarehe 2 Mei 2021 ilishuhudia mashabiki wakivunja na kuingia uwanjani kwake Old Trafford, mechi na Liverpool ikaahirishwa, na askari wakajeruhiwa. Waliotetea siku ile walisema ulimwengu mzima ulisikia. Ni kweli ulisikia, lakini sisi ni klabu ndogo, na klabu ndogo ikivunja lango inasikika polisi tu.

Mfano uliotuvutia zaidi ulikuwa wa Liverpool. Februari 2016 wamiliki walitangaza kwamba tiketi ya bei ya juu ingefika pauni 77, na katika mechi dhidi ya Sunderland maelfu ya mashabiki waliinuka dakika ya 77 wakaondoka. Timu ilikuwa inaongoza mabao mawili, ikamaliza kwa sare ya 2–2. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi na kuirudisha bei ya juu kwenye pauni 59. Ni mara chache shabiki anapata jibu la haraka namna hiyo, na nadhani lilipatikana kwa sababu dai lilikuwa moja, lilikuwa na tarakimu, na kitendo chenyewe kilibeba tarakimu ileile.

Vijana walitaka nguruwe. Oktoba 2016 mashabiki wa Charlton na wa Coventry, kila upande ukiwa na ugomvi na mmiliki wake, walirusha nguruwe wa kuchezea uwanjani mara tu mechi ilipoanza, nayo ikasimama kwa dakika kadhaa. Ujerumani mwanzoni mwa 2024 walirusha mipira ya tenisi na sarafu za chokoleti wiki baada ya wiki, hadi bodi ya ligi ilipoacha mpango wake wa kumwingiza mwekezaji mwezi Februari mwaka huo. Nilicheka kama wengine, lakini ilinibidi nisome sheria kwa sauti. England ina sheria ya makosa ya mpira ya 1991, na kwa mujibu wake kurusha kitu chochote kuelekea uwanjani bila sababu halali ni kosa, na kuingia kwenye nyasi ni kosa. Sheria haiulizi kama kitu ni laini. Kijana mmoja aliuliza kama chokoleti nayo ni kitu. Mzee wakili akamwambia ndiyo, hata ikiyeyuka.

Hapo ndipo nilipowaeleza habari za kanga. Niliwaambia kwamba pwani ya kwetu mwanamke mwenye neno na jirani yake hana haja ya kupaza sauti. Anatafuta kanga yenye jina linalomfaa, anajifunga, anapita mbele ya nyumba ya mhusika, na mhusika hana pa kushitaki kwa sababu hakuna aliyemsemesha. Tukakubaliana kutengeneza bango moja kubwa kwa jezi chakavu za mashabiki zilizoshonwa pamoja, na juu yake mstari mmoja tu.

Mstari huo ulituchukua vikao viwili. Waliotaka neno mwizi walikuwa wengi, na waliotaka kuandika habari za kuuzwa uwanja hawakuwa wachache. Mzee wakili alikataa yote mawili, la kwanza kwa kuwa ni kashfa na la pili kwa kuwa hatukuwa na karatasi mkononi. Mwishowe tuliandika jambo ambalo hata mmiliki asingeweza kulikana, kwamba mshahara wa Oktoba ulilipwa Desemba. Shangazi alishona siku tisa. Uwanja unataka mabango makubwa yawe yamepuliziwa dawa ya kuzuia moto na yawe na cheti, basi tukapulizia gereji kwa mtu, tukakaa na harufu ile wiki nzima. Siku ya mechi msimamizi wa langoni alikitazama cheti, akalisoma bango lote kwa utaratibu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mke wake anafanya kazi jikoni humo, akatufungulia.

Kabla ya kuingia uwanjani tulikuwa tumeandamana. Sheria ya hapa inamtaka anayeandaa maandamano ya kutembea barabarani awape polisi taarifa ya maandishi siku sita kamili kabla, yenye tarehe, saa, njia na jina la mwandaaji. Niliipeleka kwa mkono, mkono ukitetemeka, kwa kuwa jina lililokuwa chini ya karatasi lilikuwa langu. Ofisa aliyeipokea aliuliza tunatarajia watu wangapi, akashauri tuepuke barabara moja yenye kituo cha mabasi, akanipa namba ya kupiga siku yenyewe. Jioni ile kaka yangu alinipigia kutoka Dar baada ya kuona tangazo letu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mdogo wangu, hiyo ni nchi ya watu. Ukikamatwa nani atakuja kukutoa?"

"Kaka, polisi nimewapelekea barua mwenyewe. Wao ndio watakaotuzuilia magari."

Akanyamaza kidogo. "Yaani mnaandamana, halafu polisi ndio wanawafungulia njia?"

Nilimwambia ndivyo, naye akaniambia nisimsimulie mama.

Tulitembea kama dakika 25, wazee mbele ili mwendo uwe wao, watoto katikati, vijana wa vizibao kwenye kingo. Mahali pagumu palikuwa mbele ya lango la wakubwa, ambapo mtu mmoja aliyelewa alianza kumtukana mmiliki kwa asili yake, maana ni mtu wa nchi nyingine. Niliona nyuso zikinigeukia mimi, mgeni pekee kwenye mstari wa mbele. Kabla sijafika, kijana mmoja wa kundi lile la nyuma, ambaye mpaka leo nashuku ndiye mwenye kopo, alimwendea yule mlevi, akamshika bega, akamwambia ama aseme habari za mishahara ama aende nyumbani. Alikwenda nyumbani. Tulipofika ndani hatukuimba hadi dakika ya kumi na mbili, na bango lilipita juu ya vichwa vya watu kutoka safu ya chini hadi ya juu. Sijawahi kusikia wachezaji wakiitana majina kama siku ile. Wapiga picha wote wawili waliokuwepo waliacha mpira wakaligeukia jukwaa, na gazeti lililoandika kopo likachapa ule mstari wetu neno kwa neno.

Wapo waliotaka tususe mechi zote, kama walivyofanya watu wa Blackpool, ambao wengi wao walikaa nje kwa miaka dhidi ya familia ya Oyston iliyoimiliki klabu yao na kurudi Machi 2019, zaidi ya 15,000 kwa siku moja, baada ya mahakama kuiondoa familia hiyo. Nawaheshimu sana, lakini nilipinga. Mapato ya langoni kwetu ndiyo yanayolipa wale wa jikoni, na Blackpool walikuwa na kesi ya mabilioni ya shilingi iliyofunguliwa na mwenye hisa mwenzake, jambo ambalo sisi hatuna. Tulikubaliana kununua tiketi na kuacha bia, pai na jezi mpya. Hili nalo halikuzingatiwa na wote. Mpira ukiwa mbaya watu hunywa.

Kazi iliyotufaa kuliko zote haikuwa na bango. Ipo sheria ya 2011 ya England inayoruhusu kikundi cha wenyeji kuiomba halmashauri iuandikishe uwanja kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Old Trafford na Anfield viliandikishwa hivyo mwaka 2013. Mwenye uwanja huo akitaka kuuza, lazima atoe taarifa, na kikundi cha jamii kikionyesha nia ya kununua, kwa kawaida mauzo husimama miezi sita. Kikundi kisichosajiliwa kinatakiwa kuwa na wenyeji 21 walioandikishwa kupiga kura katika eneo hilo au la jirani. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye ruhusa ya kuishi Uingereza anaweza kuandikishwa kupiga kura, na mimi nilikuwa nimeandikishwa. Nikatia saini namba 14. Halmashauri ina wiki nane za kujibu, ikatujibu wiki ya saba, ikakubali.

Mmiliki bado yupo. Mishahara ya Machi ilitoka kwa wakati, ya Aprili ikachelewa siku kumi na moja, na mweka hazina wetu anaandika tarehe zote kwenye daftari lenye jalada la bluu, kwani tangu Julai 2025 Uingereza ina sheria iliyounda msimamizi huru wa soka na tunataka barua yetu kwake iwe na tarehe, isiwe na matusi. Kibali changu kilitoka. Hivi ninavyoandika vizibao viko kwenye mashine ya kufulia, ishirini na tisa, kimoja kimepotea na najua kiko kwa nani. Tunatembea tena Jumamosi, na barua ya polisi niliipeleka Ijumaa iliyopita.