Saa saba iko kwenye namba moja

Ukitaka kujua kama mtu amekulia na Kiswahili we muulize saa ngapi halafu usiangalie mdomo, angalia macho yanavyosoma saa ya ukutani. Mshale mfupi uko kwenye 1, yeye anajibu saa saba na wala hasiti, maana jicho limeshavuka upande wa pili, ng'ambo ya 1 kuna 7, ng'ambo ya 4 kuna 10, ng'ambo ya 3 kuna 9, kila saa unaitaja kwa namba inayotazamana nayo. Shuleni mwalimu alichora duara ubaoni, fimbo ikagusa 7 akasema "hapa ni saa moja", darasa zima tukaitikia saa mojaaa, na hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza mbona pameandikwa saba.

Sababu ni jua tu. Huku tuko jirani na ikweta, jua linatoka kwenye saa kumi na mbili na linazama kwenye saa kumi na mbili, mwaka mzima halipishani hata saa nzima, kwa hiyo saa moja asubuhi maana yake mchana umeshatembea saa moja, na saa moja usiku giza nalo limeshatembea saa moja. Usiku wa manane kuanza kuhesabu nini wakati watu wamelala? Na si sisi peke yetu, Waganda wanahesabu hivi hivi, Wajaluo vilevile, Waethiopia nao ukiwaambia saa moja asubuhi wanakuelewa kuliko Mwingereza. Mwingereza mwenyewe kwanza saa yake haitulii, Machi anaisogeza mbele, Oktoba anairudisha nyuma, na ndo maana mechi za Ulaya zilizokuwa zinaanza saa nne usiku ghafla zinakuwa saa tano usiku na kibanda umiza kinajaa watu wanaopiga miayo wanamlaumu mwenye king'amuzi. Sisi hatujagusa chochote, wao ndo wamehama. (Enzi za mkoloni na huku zilichezewa, kuna kipindi tulikuwa mbele ya GMT kwa saa 2 na dakika 45, hizo dakika 45 sijui nani alizihitaji.)

Neno lenyewe sasa, saa, tumelifanyisha kazi mpaka basi. Ni kile kitu cha ukutani, ni cha mkononi, ni muda kwenye ratiba, ni urefu wa muda, ni siku ya mtu kufa ("saa yake ilifika"), na mtaani ukiwa na haraka inakuwa saivi, Wakenya wanasema saizi. Shida inaanza hapo kwenye muda na urefu wa muda. Mtu akikuambia "nakuja baada ya saa mbili", anakuja ikishapita saa mbili usiku au anakuja masaa mawili kutoka sasa? Na hapo nimeandika masaa makusudi. Najua kuna walimu wa Kiswahili sanifu wakiona masaa wanapandisha presha, watakuambia saa ni saa tu, moja na nyingi. Sawa, lakini watu hawakuleta masaa kwa ujinga, waliona pengo wakaziba. Saa mbili ni pale mshale ulipo, masaa mawili ni muda uliokaa unamsubiri fundi. Na lisaa ndo kabisa, "nimekaa lisaa lizima" ukilisikia unajua huyo mtu ana hasira, saa moja ya kawaida haiwezi kubeba hasira hiyo. Mi naandika masaa na sitaacha.

Minara ya saa nayo tuna vituko. Dar kuna Mnara wa Saa pale mjini, ulijengwa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji, leo ukisema mnara wa saa watu wanafikiria mahali pa kukutana au pa kushuka, hakuna anayeinua shingo kuangalia ni saa ngapi. Arusha wao wanapaita Kloktawa na maisha yanaendelea. Zanzibar ndo inauma, Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, na ule mnara wake wa saa uliowekwa baada ya vita ya 1896 ya Waingereza na Sultani Khalid, vita yenyewe ilipangiwa saa, Waingereza walisema mwisho saa tatu asubuhi, ikapita dakika mbili mizinga ikaanza, na haikufika hata lisaa ikawa imeisha. Mnara ukakaa zaidi ya miaka mia halafu tarehe 25 Desemba 2020 ukashuka chini pamoja na sehemu ya jengo.

Turudi kwenye namba maana hapo ndo pana ishu. Mdomoni hatuna tatizo, kila saa ina mkia wake, ya asubuhi, ya mchana, ya jioni, ya usiku, alfajiri. Tatizo ni ikiandikwa kwa tarakimu. Simu hata uiweke Kiswahili inakuonyesha 7:00 na wewe kichwani unasoma saa moja, umeshazoea, lakini kwenye tiketi za basi hizi za kuandikwa kwa peni unakuta "KUONDOKA 12:00" na mgeni anakuja mchana akiwa amevaa miwani ya jua, basi liliondoka alfajiri yuko peke yake stendi. Zamani hata hivyo ilikuwa nafuu, mabasi ya mikoani yalikuwa hayasafiri usiku kucha, yakiondoka ni asubuhi, ukikuta 12:00 ni ya jua kuchomoza basi. Tangu 2023 yaliporuhusiwa usiku mambo yamechanganyika, 11:00 inaweza kuwa kumi na moja alfajiri au saa tano usiku aliyoiandika kijana aliyezoea saa ya simu, na wote wawili wanauza tiketi dirisha moja.

Binamu yangu wa Mwanza alikata tiketi ya Jumamosi, saa 6:00 usiku, safari hii mkia uliandikwa vizuri kabisa. Akashinda na sisi Jumamosi nzima, akala, akaaga, tukampeleka stendi ya Mbezi hapa Dar saa tano usiku na mabegi yake. Yule dada wa dirishani akaiangalia tiketi akamwangalia na yeye, akasema kaka basi lako limeondoka jana, saa hizi linageuza Mwanza. Kwa kompyuta yao Jumamosi ilianza pale Ijumaa ilipofika saa sita usiku. Magazeti yamelijua tatizo hili siku nyingi ndo maana yanaandika "usiku wa kuamkia Jumamosi", ila tiketi haina nafasi ya maneno yote hayo. Binamu akawa anabisha, usiku wa Jumamosi ni leo jamani, na watu wa foleni wakamuunga mkono, isipokuwa mzee mmoja wa Tanga aliyekuwa kwenye benchi na kapu lake. Kwa wazee wa pwani siku inaingia magharibi, usiku unatangulia mchana wake, usiku wa Ijumaa ni Alhamisi ikishachwa. Mzee akamwambia mwanangu hawa hawajakosea, usiku wa Jumamosi ni ule wa jana, ulikuwa wapi?

Binamu hakumjibu. Akakata nyingine ya kumi na moja, akauliza kwanza kumi na moja ya wapi.