Nyuki wangu wa Chanika wamegoma kuhama

Jamani leo nina furaha sana acha niandike tu. Mwaka juzi jirani alitaka kumwagia petroli kundi la nyuki waliotua kwenye mwembe wake, nikamwomba asubiri, nikaenda kutafuta mzinga wa gogo, ndani nikapaka nta na mchaichai nikauning'iniza kwenye mti, siku ya tatu wakaingia wenyewe, yaani sikuwagusa kabisa!

Hawa ni nyuki wetu wa pwani, wataalamu wanawaita Apis mellifera litorea, na ukiwasumbua sumbua wanaondoka kundi zima na malkia wao wanakuachia mzinga mtupu. Nilishapoteza kundi moja hivyo, nilikuwa nafungua kila wiki kuchungulia, nikaambiwa na fundi wa hapa kwetu kwamba tatizo ni mimi, nikaumia lakini ni kweli.

Sasa hivi siwapi sukari, siwapi dawa. Masega wanajenga wao wanavyotaka. Asali navuna jioni kwa moshi kidogo, nakata yaliyozibwa nta tu, yenye majana (watoto wa nyuki) siyagusi na nawaachia akiba ya kutosha maana mvua za masika zikikaza hawatoki, watakula nini? Napata ndoo ndogo tu, wenzangu wananiambia napoteza hela.

Leo mikorosho imechanua wanatoka na kurudi na chavua miguuni, nimekaa chini naangalia mpaka giza likaingia. Ukiona kundi mtini usichome moto tafadhali, niite.