Kuomba Furaha: Tafuta Kwanza Inapovujia

Sikiliza maombi ya mchana katika makanisa ya mjini hapa Nairobi, yale ya kati ya saa saba na saa nane, watu wanapoacha ofisi na kuja kupiga magoti. Wanaomba kazi, karo, kodi ya nyumba, mchumba, uponyaji wa mama aliye kijijini. Maombi mema yote. Furaha yenyewe ni nadra kusikia mtu akiiomba. Wengi huichukulia kama nyongeza ya mama mboga: ukishanunua sukuma, atakutupia dania kidogo juu. Kazi ikija, furaha itakuja nayo.

Biblia haifanyi hivyo. Inaiomba furaha kwa jina lake. Zaburi 86:4: "Uifurahishe nafsi ya mtumishi wako." Zaburi 90:14: "Utushibishe asubuhi kwa fadhili zako, nasi tutashangilia na kufurahi siku zetu zote." Paulo anawaombea Warumi kwamba Mungu wa tumaini awajaze "furaha yote na amani katika kuamini" (15:13). Bwana Yesu mwenyewe, usiku ule kabla ya kusulubiwa, anawaambia wanafunzi: "ombeni, nanyi mtapata, furaha yenu iwe timilifu" (Yohana 16:24). Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba kuomba furaha ni ubinafsi au ni mambo ya Wakristo wachanga.

Ombi linalojulikana zaidi ni la Daudi: "Unirudishie furaha ya wokovu wako" (Zaburi 51:12). Litazame neno la kwanza. Hasemi unipe, anasema unirudishie. Alikuwa nayo, ikaondoka. Tena kabla ya kulifikia ombi hilo amepita mistari mingi akizungumza habari ya dhambi yake, kwa sababu Nathani alikuwa amemwonyesha waziwazi jambo la Bathsheba. Alijua ilipopotelea. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: tunaomba tujazwe kila Jumapili, na kufikia Jumatano tumekauka. Mwenye tangi juu ya paa analijua jambo hili. Ukiona maji ya mgao yameisha siku mbili kabla ya kawaida, huendi kununua tangi lingine. Unapanda ngazi utafute linapovujia.

Kabla ya kutafuta tundu, tutenganishe raha na furaha, maana katika Kiswahili chetu cha kila siku hutumika kama kitu kimoja. Raha unaweza kuionyesha kwa kidole: nyama choma, mechi, mshahara kuingia. Kitu kikiisha, nayo inaisha. Si dhambi, na sipendi mahubiri yanayoidharau. Daudi aliyapima mambo haya mawili katika mzani mmoja: "Umenitia furaha moyoni mwangu, kupita yao wazidishiwapo nafaka na divai" (Zaburi 4:7). Nafaka na divai ni vyema. Ila hiyo nyingine inazidi, na inaweza kuwapo ghala likiwa tupu. Ndiyo maana Habakuki anahesabu mtini, mizabibu, mizeituni, mashamba na mazizi, vyote bila kitu, kisha anasema atamfurahia Bwana (3:17-18).

Sasa tundu. La kwanza ni jambo lililofichwa. Zaburi 32 inasema aliponyamaza mifupa yake ilichakaa. Mtu mwenye siri hucheka kama wengine, lakini akifunga mlango anachoka. Waraka wa kwanza wa Yohana unasema katika mstari wa 4 wa sura ya kwanza kwamba umeandikwa ili furaha yetu itimizwe, na mistari mitano tu baadaye unafika kwenye kuziungama dhambi. Wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanzania, waliliita jambo hilo kutembea nuruni. Walikutana kila wiki, wakaungama kwa kutaja jambo lenyewe, wakaimba. Nyimbo zao zilitoka kwenye kuungama, na ndiyo sababu hadi leo shangwe yao haifanani na ile ya kuwashwa na spika.

Jinsi ya kufanya: taja tendo, usitaje kundi la matendo. "Nisamehe makosa yangu yote" haligusi kitu. "Nilimwambia bosi niko kwenye jam nami nilikuwa bado kitandani" linagusa. Kama kuna mtu uliyemkosea, maombi pekee hayatoshi. Zakayo alimkaribisha Yesu kwa furaha, na siku hiyohiyo akaahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne (Luka 19). Deni la shilingi 2,000 unalomkwepa nalo shemeji yako linaweza kukunyima furaha mwaka mzima. Anza kulilipa, hata 500 kwa M-Pesa leo, pamoja na ujumbe unaosema salio litakuja lini. Kisha tafuta mtu mmoja au wawili wenye kifua, uwaambie kilichokulemea. Yakobo 5:16 inasema "Ungamaneni dhambi zenu ninyi kwa ninyi." Wakatoliki wana kitubio, sisi wengine tuna ushirika wa nyumbani. Usilimwage jambo zito mbele ya kundi zima, wala katika kundi la WhatsApp. Likivuja huko, utapata jeraha la pili.

La pili ni mwili. Eliya alipoomba afe, Mungu hakumhubiria. Malaika alimgusa akamwambia, "Inuka, ule": mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa, akala mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye, huko Horebu (1 Wafalme 19). Anayeamka saa kumi usiku Rongai ili awahi gari, akarudi saa tatu usiku, kisha Ijumaa akaenda kesha na Jumamosi asubuhi akaingia kazini, huyo haombi furaha. Anaomba usingizi kwa jina lingine. Nayapenda makesha. Lakini mwenye kesha Ijumaa na apange kulala mchana Jumamosi, saa mbili angalau, kabla hajaanza kujiuliza kwa nini Mungu amekuwa mbali.

La tatu ni simu, nami nitaigusa kwa haraka, kwa kuwa kila mtu anajua. Ukifungua habari na picha za watu kabla ya Zaburi, moyo umeshapata mhubiri wake wa siku. Iache ikichajiwa mbali na kitanda, na ununue saa ya kengele.

La nne halisemwi sana: shukrani za jumla. "Asante kwa uhai, asante kwa afya, asante kwa ulinzi" ni maneno ya kweli, ila ulimi unayasema peke yake huku akili iko kwenye kodi. Wafilipi 4:6 inaweka kushukuru ndani ya kuomba kwenyewe, na Paulo aliyaandika hayo akiwa kifungoni. Nunua daftari la kurasa 32, lile dogo la shule, na kila jioni uandike mambo matatu ya siku hiyo ambayo hayangeweza kuandikwa jana wala na mtu mwingine. Kwa mfano: maji yalifika kabla ya ndoo ya mwisho kuisha. Konda aliita abiria aliyesahau chenji yake ya 50. Mtoto alikohoa mara moja tu usiku. Ukikosa la tatu, kaa dakika mbili zaidi, huwa lipo. Wiki ya kwanza inakuwa kama kazi ya shule, na wengi huacha karibu siku ya tano wakidhani haina faida. Faida iko katika kuanza kuyatazama mambo mchana, kwa sababu unajua jioni utaulizwa.

Ibada ya asubuhi haihitaji zaidi ya dakika 15, kama zimepangwa. Mbili za kunyamaza. Nne za kusoma Zaburi moja kwa sauti, mara mbili, polepole. Tatu za kuungama. Mbili za kuyasoma yale matatu ya jana katika daftari. Nne za mwisho ndizo za kuomba furaha, na hapa chukua mstari uliousoma uugeuze kuwa ombi lako. Usiombe "nijisikie vizuri." Omba umfurahie Mungu kwa ajili ya jambo fulani alilosema au kulitenda: "Bwana, umesema rehema zako ni mpya kila siku asubuhi; unishibishe kwa hizo kabla sijafika kazini." Ukiwinda hisia, zitakimbia, kwa maana unageuka kujichungulia kila dakika kuona kama umefurahi tayari. Furaha ni tunda la Roho (Wagalatia 5:22), na tunda halikui kwa kufunuliwa majani kila saa.

Kuna nyumba za chumba kimoja zenye watu watano ambamo dakika 15 za kimya hazipatikani. Basi gari la abiria, matatu, liwe chumba cha maombi. Zaburi 13 ina mistari sita, inaingia vizuri katika safari ya Thika Road. Kutoka Githurai hadi Roysambu, kaa na mistari miwili ya kwanza, ambamo "hata lini" imesemwa mara nne. Mwambie Mungu yako, bila kupamba. Roysambu hadi Allsops, mstari wa tatu na wa nne: "Uyatie nuru macho yangu." Hapo omba. Allsops hadi Pangani, mstari wa tano: "Moyo wangu na uufurahie wokovu wako." Rudia hata mara kumi. Ngara ikifika, mwimbie Bwana mstari wa sita, kimoyomoyo kama aibu inakushika. Muziki wa gari ukipigwa mpaka viti vinatetemeka, fanya kama Hana, yule mwanamke tasa aliyemwomba Mungu mtoto: midomo ilicheza, sauti isisikike. Na tazama kilichomfuata Hana. Alikwenda zake, akala chakula, "wala uso wake haukukunjamana tena" (1 Samueli 1:18). Mtoto alikuwa bado. Tumbo la uzazi lilikuwa tupu vilevile kama asubuhi. Uso ulibadilika kwanza.

Usiruke mistari ya malalamiko. Kuna mafundisho mjini yanayosema Mkristo akilia amekosa imani, na hayo yameumiza watu wengi. Zaburi 88 haina hata mstari wa shangwe. Inaishia gizani, nayo imo katika Biblia. Aliyefiwa hahitaji kuambiwa afurahi. Mletee sukari na majani ya chai, keti naye, na ukiomba, omba kwa maneno machache. Zaburi 30:5 inasema asubuhi huwa furaha. Haikusema usiku huo utakuwa wa saa ngapi.

Tena, kuna huzuni ambayo ni ugonjwa. Kama kwa wiki mbili au zaidi mtu ana majonzi karibu siku nzima, hafurahii hata alivyovipenda, usingizi au hamu ya chakula imevurugika, anajiona hana thamani, aende kwa daktari huku tukimwombea. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake, umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Dawa haishindani na maombi, kama vile ule mkate wa Eliya haukushindana na Horebu.

Nimeacha Nehemia 8:10 mwisho kwa makusudi, kwa sababu tunaukata mstari huo katikati. "Furaha ya BWANA ni nguvu zenu" imeandikwa kwenye matatu, kwenye fulana, kwenye kalenda. Soma kilichotangulia. Watu walikuwa wamesimama wakisomewa torati na Ezra tangu asubuhi hadi adhuhuri, Walawi wakiwafafanulia, nao wakalia. Wakaambiwa: "Enendeni zenu, mle kilichonona, mkanywe kilicho tamu, tena mpelekeeni sehemu yeye asiyewekewa kitu." Mstari wa 12 unasema walikwenda wakala, wakapeleka sehemu, wakafurahi sana, kwa kuwa waliyafahamu maneno waliyohubiriwa. Kufahamu, kula na kugawa vinakwenda pamoja.

Hapo pa kugawa ndipo watu wa ploti, wanaopanga vyumba kwenye korido moja, wana nafasi kuliko wenye nyumba za kuta ndefu. Chagua siku moja ya wiki, tuseme Jumamosi. Ukikanda unga wa chapati, kanda wa nne zaidi. Kabla hujaketi mezani, mtaje mbele za Mungu mtu mmoja kwenye korido yenu ambaye hakuwekewa kitu wiki hii: askari wa geti, bibi anayeishi na wajukuu, kijana aliyesimamishwa kazi ambaye siku hizi haonekani nje. Pakua ndengu, weka chapati juu, funika na sahani nyingine, umpelekee mwenyewe zikiwa bado moto. Ukikaribishwa ndani, keti.