Kaka na mto wake

Jana usiku tena. Saa nane nilisikia kitanda cha kaka kinalia, nikajua. Nilimkuta kwenye mkao wake uleule: ukingoni mwa kitanda, mto kaukumbatia tumboni, kichwa kimeinamia magotini. Miaka mitatu ya mwanzo sote nyumbani tuliuita ugonjwa huo vidonda vya tumbo. Mama alimsagia kabichi anywe maji yake, na droo ikajaa dawa za asidi.

Kumbe si vidonda; ni kongosho lake lililovimba na kuwaka kwa miaka, na mkao ule una sababu. Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa tumbo, jirani kabisa na uti wa mgongo. Ndiyo maana maumivu yake hushika chembe ya moyo yakatokea mgongoni. Akilala chali yanazidi, akiinama mbele yanampa nafuu kidogo.

Daktari wa kwanza alituonyesha picha ya CT: madoa meupe, vijiwe vya chokaa. Kongosho hutengeneza maji ya kumeng'enya chakula, yakapita kwenye mfereji mwembamba hadi utumbo mdogo. Mfereji wa kaka ulizibwa na vijiwe na makovu, maji yakakosa pa kwenda, presha ndani ya mfereji ikapanda, hasa akishakula. Na sisi tulikuwa tunamsema anadeka chakula!

Nilielewa haraka mno: bomba limeziba, lizibuliwe. Wakampasua, wakaufungua mfereji kwa urefu wake, wakatoa mawe, wakaushonea kwenye utumbo. Miezi sita alikula nasi mezani. Kisha maumivu yakarudi. Picha mpya ikaonyesha mfereji uko wazi, nami nikamwambia, "Kaka, mbona picha nzuri?" Hakunijibu. Alinitazama tu, na jicho lile bado ninalo.

Jibu nililipata kliniki, kwa daktari mwingine, mama mmoja asiye na haraka. Alisema kuvimba huko kwa miaka hakuli kongosho peke yake. Neva zilizomo ndani yake nazo hunenepa, chembe za kinga huzizingira, zikawa nyepesi kushtuka. Zikipiga kelele kila siku, uti wa mgongo na ubongo navyo hujifunza kuikuza kelele hiyo, hata jambo dogo likasikika kubwa. Hapo picha haina la kusema. Kuna mtu kongosho lake limejaa mawe na haumwi, na kuna mwenye picha karibu safi anayelia usiku. Wapo hata waliotolewa kongosho lote na bado wanaumwa. Hilo la mwisho lilinikata maini.

Akauliza pia kuhusu sigara. Pombe kaka aliiacha zamani, ila sigara tulimwachia kama kiliwazo. Kumbe nayo huchochea ugonjwa huuhuu. (Mnunuzi nilikuwa mimi.) Sasa anapewa dawa ya neva, jamii ya zile wanazopewa wenye kisukari wanaoungua miguu. Za jamii ya mofini daktari anazibania: zinamfunga choo, na zikitumika muda mrefu zinaweza zenyewe kuongeza wepesi wa kuumwa.

Jana sikumuuliza kitu. Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani. "Nenda kalale, mdogo wangu," akasema. Sikwenda. Karibu na adhana ya alfajiri akaniomba mto wa pili.